Simba Mzee na Chumba Changu

Jumatatu, 3 Juni
Mama mkwe bado yupo. Alikuja baada ya kupasuliwa jicho, akae hadi lipone. Limepona. Jana alitunga uzi kwenye sindano bila miwani. Mimi, fundi saa mzima, natengenezea saa jikoni karibu na masufuria, kwa sababu chumba changu chenye dirisha zuri kina kitanda chake. Kumwambia aondoke siwezi. Nina adabu. Kila asubuhi nasogeza sanduku lake mlangoni. Kila jioni analirudisha, ananishukuru kwa kufagia.

Jumatano, 5 Juni
Njia imepatikana. Filamu ya wanyama wa porini. Muuzaji kanihakikishia kuna simba mzee anafukuzwa na vijana. Ujumbe utafika bila mimi kufungua mdomo. Mke wangu kauliza tangu lini napenda wanyama. Nimesema tangu utotoni.

Jumamosi, 8 Juni
Tumetazama. Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Tulimwonea huruma swala. Kisha wakaonyeshwa watoto wa simba, mbavu nje, tukaanza kumlaumu swala kwa kukimbia. Halafu vijana wakamvamia mzee. Nikakohoa makusudi. Mzee akaenda zake akichechemea, anageuka, anatazama nyuma. Sijui nini kilinipata. Nililia mpaka kamasi.

Mama mkwe akanipapasa mgongo. Akauliza, huyu angekuja hapa ningemlaza wapi. Nikajibu, kwa kwikwi, ningempa chumba changu. Mke wangu akalitazama sanduku mlangoni. Akanitazama mimi. Nikatazama dari.

Mama mkwe akasema taratibu, "Si mguu unaomchelewesha, mwanangu. Anajua anakokwenda hakuna mtu."

Nililibeba sanduku mwenyewe, nikalisukuma chini ya kitanda chake, mpaka ukutani.

Jumapili, 9 Juni
Nimehamishia meza yangu chumbani kwake, dirishani. Yeye anashona, mimi natengeneza. Skrubu ndogo kuliko punje ya mchanga ilianguka, akaiona kabla yangu. Amenisimulia alivyokuwa akimsubiri marehemu mumewe arudi kutoka kazini. Sikuharakisha kumaliza kuitengeneza saa ile.

Jumatatu, 10 Juni
Tatizo. Vitambaa vyake vimevuka nusu ya meza. Kumwambia siwezi. Muuzaji ana filamu ya viboko, kila mmoja na sehemu yake ya mto, na asiyeheshimu mpaka anakiona cha moto. Nimeinunua. Nimemuuliza mara mbili kama ndani yake kuna kiboko mzee.