Mwenyekiti wa Tangi la Sebuleni

Jumamosi, 24 Agosti 2024. Asubuhi wingu jepesi juu ya Handeni, upepo wa vumbi, dalili ya mvua hakuna.

Tangi langu la kioo lina wiki tatu sasa bila samaki hata mmoja. Majani tu. Mama mkubwa Mwatumu anasema hajawahi kuona mtu anafuga mchicha ndani ya maji. Nikamweleza kwa upole kwamba majani ndiyo msingi. Maji yazoee majani, majani yazoee samaki, samaki wazoeane. Akasema kwa mwendo huo nitaolewa nikiwa na mkongojo.

Nilikuwa natazama. Jua la saa nne likiingia dirishani hupita kwenye maji na kuchora mistari ya kijani ukutani. Majani niliyoyatoa mtoni Korogwe huinama na kuinuka, kama watu wanaosikiliza kitu kizuri ambacho sisi hatukisikii. Nje, majirani wamepanga ndoo wakisubiri boza la maji. Humu ndani ni masika. Nilikaa hapo mpaka maharage yakaungua.

Mama mkubwa alitoa hukumu wakati nakwangua sufuria. Watu wa mchumba wa Rukaya, binti wa Mama mkubwa, wanashuka kutoka Bungu tarehe 22 Septemba kuleta posa. Sebule lazima ipendeze. Siku hiyo tangi likiwa na samaki hai, wa kuvutia, litabaki. Likiwa na majani matupu, au likinuka, litakwenda uani kulelea vifaranga. Vifaranga wenyewe wameshaagizwa!

Nimechora ratiba kwa rula. Samaki wachache kila Jumapili, taratibu. Ikifika siku ya posa watu wa Bungu watasahau walichokuja kufanya.

Jumapili, 25 Agosti. Jua kali tangu asubuhi.

Korogwe. Godlisten anafuga samaki wa mapambo kwenye mabwawa ya saruji nyuma ya duka lake la vipuri vya pikipiki. Aliniuliza nataka wangapi. Nikasema ishirini. Akasema, chukua wanne dada yangu, wakiishi rudi. Nampenda mfanyabiashara anayekataa kuuza.

Akanipa gapi. Vijisamaki vya urefu wa pingili ya kidole, mikia kama vipande vya kitenge. Nimesafiri nao kwa basi ndani ya ndoo ya rangi iliyooshwa vizuri, nimeipakata kama mtoto mchanga. Mama wa kiti cha pili akaniuliza kama uji huo ni wa mgonjwa.

Nyumbani nikachota maji ya tangi, nikatia kikombe kimoja ndooni. Nikapumzika. Kikombe kingine. Nikapumzika. Wageni wazoee maji kwanza, ndipo waingie. Mama mkubwa akasema siku aliyoolewa Kwamsisi hakuna aliyemzoesha hata maji ya kuoga.

Wakaingia! Wakapita katikati ya majani pamoja, wakageuka pamoja, wakasimama pamoja. Nimewaita Wajumbe. Kazi yangu pale steshenari ni kuchapa mihtasari ya vikao vya vijiji, kwa hiyo wajumbe nawajua. Hawa ni bora. Hawadai posho.

Nimesahau kula.

Alhamisi, 29 Agosti. Ukungu mwembamba alfajiri, baadaye jua.

Mjomba Sadala amefika kutoka Kwamsisi na pikipiki. Nyuma, ndoo. Ndani ya ndoo, kambare mzima kutoka lamboni. Kitoweo. Mama mkubwa alikuwa ameshatoa kisu.

Nikachungulia. Urefu wa kiganja changu pamoja na vidole. Ndevu! Macho madogo, ya upole. Alinitazama kama mtu aliyeitwa kikaoni bila kuambiwa ajenda. Nikakumbuka Godlisten aliwahi kusema tangi zuri huwa na samaki wa chini, wa kusafisha mabaki. Si ndiye huyu? Nikampigia. Simu haikupatikana. Nimechukulia kuwa ni ruhusa.

Mjomba alishangaa sana. "Tatu mwanangu," akasema, "huyo si wa kutazama. Huyo ni wa nazi." Mama mkubwa akaongeza kwamba kwenye nyumba hii kitoweo kimepewa chumba na yeye bado analala na wajukuu. Nikawaambia sayansi haipigiwi kura.

Nikamzoesha kikombe kwa kikombe, bila upendeleo. Akashuka polepole hadi chini, akatulia kwenye kivuli cha majani, ndevu zikipepea. Juu yake Wajumbe wanazunguka. Jina lilikuja lenyewe. Mwenyekiti.

Kikao kimefunguliwa.

Jumapili, 1 Septemba. Upepo. Vumbi mpaka kwenye vikombe.

Wajumbe wawili hawaonekani. Nimewatafuta. Majani yamestawi, mtu anaweza kujificha. Niliendelea kutafuta mpaka nikasahau natafuta nini. Ikawa kama natembea mle ndani mimi mwenyewe, nywele zinaelea, gauni linafunguka taratibu kama ua, na hakuna mtu wa kuniuliza nitaolewa lini. Mwenyekiti alipanda, akavuta pumzi ya hewa juu, akashuka bila kelele. Adabu iliyoje!

Korogwe tena. Nimeongeza wanne. Godlisten aliuliza wale wa kwanza wanaendeleaje. Nikasema vizuri, isipokuwa wawili ambao hawashiriki sana. Sikumtaja Mwenyekiti. Hakuuliza.

Jumatano, 4 Septemba. Baridi kidogo asubuhi. Nimevaa sweta.

Wajumbe wamebaki watatu! Sasa nimemjua mwizi. Salome wa nyumba ya pili ana paka wa rangi ya majivu, na dirisha la sebule yetu huwa wazi.

Nikaenda kwake. Nikauliza kwa hekima kama paka wake siku hizi ana hamu ya kula. Salome akaweka chini ungo wa mchele. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Shoga, paka huyu anakimbia hata maji ya kuoshea vyombo! Ndiyo akazamie kwenye bahari yako?" Nikaondoka bila kuaga vizuri. Mtu asiye na hatia hacheki namna ile.

Hatua zimechukuliwa. Nimefunika tangi kwa wavu wa dirishani, na juu ya wavu nimeweka pasi ya mkaa. Paka ajaribu sasa. Mwenyekiti amepanda na kuugonga wavu kwa kichwa kama mara tatu. Anakagua kazi.

Jumapili, 8 Septemba. Jua. Boza halikuja.

Wavu upo, pasi ipo, Mjumbe yupo mmoja. Paka huyu si wa kawaida.

Nimeongeza wanne wengine, kikombe kwa kikombe. Rukaya alisimama nyuma yangu akila mhogo. Akasema Mwenyekiti amenenepa. Nikasema ni utulivu wa mawazo. Akasema, "Dada Tatu, huyo anakula wenzake." Nikamuuliza kama amemwona. Hajamwona. Basi. Mimi nakaa mbele ya tangi hili kila nikitoka kazini hadi magharibi, na sijamwona hata akifungua mdomo kwa nguvu. Taa ikizimwa nakwenda kulala, na nina hakika naye analala.

Rukaya akasema mimi ningefaa sana kuwa mjumbe. Sikuelewa. Nimeshukuru.

Jumamosi, 14 Septemba. Upepo mkali kutoka asubuhi. Ningepaswa kuuzingatia.

Mpango wa pilipili. Nimeitwanga mbichi na kavu, nikainyunyiza kwenye kizingiti cha dirisha. Paka akiinusa tu, kwisha habari yake. Upepo ukaivuta yote ndani. Mama mkubwa alikuwa kwenye mkeka anaswali adhuhuri. Alipiga chafya kuanzia rakaa ya pili, akalazimika kuanza upya. Alipomaliza akaja na kamba ya kupimia nguo, akapima tangi urefu na upana. Akasema, vifaranga hamsini wanaenea.

Salome kapita na paka wake mkononi. Kanisalimia kwa sauti kubwa.

Jumamosi, 21 Septemba. Wingu zito asubuhi, watu wakatazama juu, likapita.

Kesho ndiyo siku! Mjumbe mmoja. Anakaa kwenye kona, juu kabisa, kama mtu aliyesikia jambo na hana wa kumwambia.

Nimekwenda Korogwe kwa basi la kwanza. Nikamwomba Godlisten kumi na wawili kwa mpigo. Akaweka spana chini. Akauliza wale wote wako wapi. Nikamweleza habari za paka. Akauliza kuna samaki mwingine mle ndani. Nikasema yupo mmoja wa usafi. Akauliza wa aina gani. Nikasema ana ndevu.

Godlisten akasema taratibu, kama anayempa mtu taarifa ya msiba, "Dada yangu, mwizi wako unamfuga."

Nikamwambia basi linaondoka.

Amenipa hao kumi na wawili huku ananitazama kama mzazi anayepeleka watoto jeshini. Nyumbani nimewazoesha kwa jagi badala ya kikombe. Ni taratibu ileile, ila kwa haraka.

Sijaona kitu kizuri kama jioni ya leo. Jua la mwisho liliingia chini chini, maji yakawa rangi ya asali, Wajumbe wakapanda na kushuka kama cheche zisizozimika. Hata Mama mkubwa alisimama na ufagio wake. Akasema, ah, kumbe. Kisha akakumbuka kuwa yeye ndiye Mama mkubwa, akaendelea kufagia. Lakini nimemsikia! Tangi linabaki.

Jumapili, 22 Septemba. Asubuhi shwari, hata jani halitikisiki.

Wajumbe watano.

Nimehesabu tena. Watano. Mwenyekiti amekaa chini, mpana, anahema kwa shida. Ni jukumu zito kwake.

Hata hivyo watano wanatosha kuvutia. Nikaondoa pasi na wavu, maana mtu hafuniki sebule kwa wavu siku ya posa, na Salome nilikwishamwambia afungie paka ndani. Wageni wakafika saa nane. Mshenga, mzee Sharifu, koti na soksi nyeupe. Shangazi wa bwana harusi, Bi Hajira, mnene, mwenye furaha. Shikamoo zikapita, juisi ikapita. Wote walilitazama tangi. Bi Hajira akasema mashallah. Moyo wangu!

Mzee Sharifu akakohoa, akaanza. Wamepita mbali, wameona ua katika nyumba hii, wangependa kuuliza kama ua hilo lina mwenyewe. Nyuma yake nikasikia maji yamesema chubwi. Nikamwona Mwenyekiti ameweka kidevu juu ya ukingo wa kioo. Akajivuta. Akajivuta tena. Akaanguka chini, puu!

Kisha akatembea. Wallahi alitembea, kwa mapezi, kiwiko hiki, kiwiko kile, kwenye mkeka mpya, akielekea kwenye soksi nyeupe.

Bi Hajira alipanda juu ya kochi. Sikujua kama angeweza. Rukaya alijifunika khanga uso mzima, mabega yanatikisika. Mzee Sharifu aliinua miguu yote miwili, akaangalia chini, akasema ameshapeleka posa nyumba nyingi, lakini hajawahi kufika mahali kitoweo kinakuja chenyewe kupokea wageni. Wakacheka wote. Mama mkubwa hakucheka. Alimkamata Mwenyekiti kwa tambara, akampeleka jikoni.

Barua ya posa imepokelewa vizuri. Kuhusu tangi, Mama mkubwa alitazama tu uani.

Jioni akaniita jikoni. Akasema, njoo uone, msomi. Mwenyekiti alikuwa amepasuliwa juu ya sinia. Ndani ya tumbo, imelala kwa mpangilio, mikia ya vitenge. Minane. Mama mkubwa alikunja mikono akasubiri niseme kitu. Machozi yalinitoka. Akadhani nimejifunza, akanipiga piga begani, akanipa kipande cha mkia. Nimekila kwa heshima.

Jumatatu, 23 Septemba. Asubuhi wingu, manyunyu kidogo, kisha jua.

Vifaranga wameingia tangini saa mbili asubuhi. Majani yangu yako kwenye jalala la Salome, paka amelala juu yake. Nilikaa uani nikiwatazama vifaranga kupitia kioo. Mchana jua lilipita pale, lakini halikuchora chochote ukutani. Ukuta tu. Wajumbe watano wako kwenye ndoo ya rangi kando ya kitanda changu.

Siku nzima nimefikiri, na sasa nimeelewa yote. Mwenyekiti aliwaficha! Mle tangini hapakuwa na mahali salama dhidi ya yule paka, kwa hiyo akawaweka ndani yake, mahali pekee alipoweza kufunga mlango. Jana alikuwa amejaa, hana nafasi tena. Ndiyo maana akatoka, akatembea juu ya nchi kavu, akamwendea mzee wa watu kutoa taarifa. Nasi tukamtia nazi.

Nimempigia mjomba Sadala. Nimemwomba mwingine kutoka lambo lile lile, mwenye ndevu ndefu zaidi. Mjomba akauliza kama naumwa. Atamleta Alhamisi. Ndoo ni ndogo, kwa hiyo safari hii hatutakurupuka. Nitamzoesha kwa kijiko.

Nalala sasa, saa tano na nusu usiku.