Mpima Upepo wa Kisiwani

Jumatatu, 3 Juni
Nimemsikia redioni! Mpima hali ya hewa wa kile kisiwa cha mbali. Sauti nyembamba, inakuja na kupotea, kama mtu anayeongea huku akipita chumba hadi chumba. Akataja upepo, akataja mawingu, akauliza kama kuna anayemsikia. Nilifumba macho, chai ikapoa. Jumamosi anahama, kisiwa kibaki na ndege. Lazima anijibu kabla hajaondoka. Mimi, si Shemeji.

Jumanne, 4 Juni
Shemeji ni kaka wa mke wangu, na tunapakana ukuta kwa ukuta. Antena zimejaa juu ya paa lake mpaka mtaa unamwita Mnara. Akianza kurusha mawimbi, redio yangu ya kupokea inakoroma. Fundi ameonya kwamba ipo siku itaungua. Ameifungia diodi mbili, vipuri vidogo vya kuilinda, pale waya wa antena unapoingilia: nguvu ikizidi, zinaimwaga ardhini. Nisizitoe hata kwa dawa, amesema.

Jumatano, 5 Juni
Balaa! Diodi zinazaa mizimu. Shemeji akirusha, namsikia kila kona ya redio, hata kwenye masafa asiyotumia, amechanganyika na muziki wa stesheni ya mjini. Nikamtafuta mpima upepo wangu, nikamkuta amefunikwa na Shemeji akisimulia maumivu ya goti. Nimekwenda kumwomba anyamaze mpaka Jumamosi. Kwa upole kabisa. Amekubali, ila akasema niogope antena yangu mwenyewe ya kurusha, kwa kuwa nimeisimamisha pua na mdomo na waya wa kupokea. Wivu tu.

Ijumaa, 7 Juni
Nimezitoa diodi. Mke wangu, mshika tochi, akauliza kama fundi anajua. Nikamjibu fundi haoti ndoto. Ah, sauti ya leo! Nimesikia mpaka karatasi zake zikipeperuka.

Jumamosi, 8 Juni
Shemeji kimya. Anga tulivu. Mpima upepo akaaga, akauliza kwa mara ya mwisho kama kuna mtu. Nikabonyeza kitufe cha kurusha, nikataja jina langu la hewani polepole, kama nabembeleza mtoto. Nikaachia, nikangoja.

Kimya. Kisha harufu. Moshi mwembamba, mzuri kwa kweli, ukaelea kuelekea dirishani. Redio ya kupokea imekufa, na nimeiunguza kwa antena yangu mwenyewe.

Shemeji akaingia, hedifoni shingoni, machozi yakimlengalenga.

“Amekujibu, shemeji,” akasema. “Amekuita na kukuita. Amesema anaondoka na sauti yako.”

Nimelia bila aibu.

Jumapili, 9 Juni
Shemeji ameniazima redio yake ya akiba. Diodi zimo ndani ya kisanduku kilichofungwa kwa skrubu, na ameniapisha nisikiguse. Leo nimempata mtu wa milimani, ana kikohozi cha upole, anaongea kama anayesinzia. Nampenda tayari. Ila sauti ina ukungu kidogo. Ni diodi tu hizo. Mke wangu ameficha bisibisi.

Kisu cha jikoni kitatosha.