Mnara Bila Kuuliza

Jumatatu, 3 Machi

Nimefika! Peke yangu, begi mgongoni, bila kushikwa mkono. Shemeji, kaka wa mke wangu, aliapa mbele ya ukoo mzima kwamba hata sokoni siwezi kwenda nikarudi. Mama mkwe akakata shauri: nikiupanda mnara wa taa wa mji huu na kurudi salama, safari ya familia ya Desemba nitaiongoza mimi. Nikishindwa, ataongoza shemeji tena, nami nitakaa kiti cha nyuma na watoto wanaotapika. Kama miaka yote. Sirudi kule nyuma!

Kanuni yangu ni moja: simuulizi mtu njia. Watalii ndio wanaouliza. Shemeji husema kuuliza si ujinga. Ndiyo maana anauliza kila kitu.

Nimezunguka mji kutwa, ukungu umefunika mapaa yote. Kila nikikata kona najikuta kwa kinyozi yule yule, mkabala na hosteli niliyofikia. Mwanzoni alinisalimu tu. Jioni akanitolea kiti, akasema naonekana nimepotea. Nimemwambia nafanya mazoezi.

Jumanne, 4 Machi

Mbinu mpya. Kuna mama anatembeza watalii, ameinua mwavuli wa manjano ili watu wake wasipotee. Nimesikia kwa masikio yangu wanakwenda mnarani. Nikawafuata kwa mbali. Wakisimama, nasimama, najifanya nakagua ukuta.

Mvua ikamwagika. Mtaa mzima ukafungua miavuli! Nikaukazia macho wa manjano, nikapanda nao ngazi, nikaingia nao chumbani, nikakaa. Viti vidogo. Ukutani michoro ya kuku. Mkutano wa wazazi wa chekechea! Nilitaka kutoka, kiti kikagoma kuniachia. Mwalimu akauliza mimi ni mzazi wa nani. Nikasema mimi ni mjomba. Makofi! Eti tangu shule ifunguliwe hakuna mjomba aliyewahi kuja. Nimechaguliwa mwenyekiti wa kamati ya vyoo.

Laiti shemeji angeniona. Hapana. Afadhali hakuniona.

Jumatano, 5 Machi

Mama mkwe kapiga simu, anataka picha ya mnarani. Nyuma yake namsikia shemeji anacheka. Mvua bado, mawingu yako chini, mnara siuoni popote.

Lakini akili ni mali. Ukutani kwa kinyozi kuna mchoro mkubwa: kilele cha mnara, bahari, ndege weupe. Nimemwomba anipige picha hapo. Amekubali kwa sharti nifagie nywele kwanza. Mgeni siku ya tatu mpe jembe. Mimi nimepewa ufagio.

Nimetuma. Kwa muda nilikuwa mfalme! Mke wangu alisema anajivunia mumewe. Kisha shemeji akaikuza picha, akauliza kwa upole kabisa: yule mzee mwenye povu kidevuni anafanya nini juu ya mnara?

Masikio yamewaka moto. Mke wangu akayafuta maneno yake ya kujivunia, na hilo ndilo lililoniuma.

Alhamisi, 6 Machi

Kumekucha, jua kali. Nimekaa kwa kinyozi kunyolewa, nikainua macho. Mnara! Nyuma ya duka lake! Nikamgombeza kwa nini hakuniambia siku zote hizi. Akasema sikumuuliza.

Nimepanda mbio, nusu ya kichwa haijanyolewa. Picha ya kweli, jasho la kweli. Nani anaamini? Shemeji anauliza safari hii ni ukuta wa kinyozi gani, maana kazi yake mbaya.

Mama mkwe amenionea huruma. Kesho kutwa mchana wanakutana kumchagua kiongozi. Nikiingia mlangoni kwake kwa miguu yangu kabla ya chakula, safari ni yangu. Mke wangu amenisihi nimuulize mtu kituoni basi la kurudi nyumbani. Nimemwahidi.

Ijumaa, 7 Machi

Niko ndani ya basi. Mabasi kituoni yalikuwa mengi kama siafu. Mkata tiketi akataka kujua naelekea wapi. Nikamjibu kwamba najua. Ahadi ni ahadi, lakini tayari nilikuwa nimeuona mwavuli wa manjano unapanda basi, nami nikaufuata. Bahati iliyoje!

Kiti laini, nimekaa mbele kabisa, mahali pa kiongozi. Tunapanda milima. Sikumbuki milima nilipokuja, huenda nilikuwa nimelala. Baridi inaanza kuuma. Jirani yangu ananitazama kila mara, naona anataka kuniuliza nakwenda wapi.

Nimefumba macho. Watu wengine, kwa maswali!