Friza la Bei ya Kutupa

Wakili hakuwahi kusomea sheria hata kidogo, na mahakamani alikuwa anaujua upande mmoja tu, ule wa anayeulizwa maswali. Jina hilo alipewa na mtaa kwa ajili ya mdomo wake. Ni mdomo uliowahi kumpangisha mwenye nyumba chumba chake mwenyewe, na mwenye nyumba akashukuru kwa kupunguziwa kodi. Lakini asubuhi hiyo, kwenye kiti cha kinyozi, mdomo ulikuwa umefunikwa na povu la sabuni, na chini ya povu kulikuwa na mtu mwenye wasiwasi mkubwa.

Wasiwasi wenyewe ulikuwa friza la dada yake. Dada huyo, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Barafu, aliishi kwa kugandisha barafu nyekundu za watoto na kuziuza getini, na barafu hizo ndizo zilizokuwa zikimlisha yeye pamoja na mdogo wake huyu asiye na kazi. Binti yake alipojifungua, alifunga safari kwenda kumwona mjukuu na kumwachia Wakili funguo. Akamwambia aangalie nyumba. Wakili akaiangalia nyumba, akaliangalia na friza, na kwa jinsi alivyoliangalia akaliuza. Fedha ziliishia kwenye viatu vyenye ncha kali na karamu ya marafiki ambao sasa hawapokei simu zake. Jumamosi dada anarudi, na friza liko kwa Mzee Punguzo, muuza vifaa vya waokaji. Wakili alimpenda sana dada yake na kumwogopa vilevile.

Redio ya kinyozi ikatangaza kwamba tume ya bei imeanza kuchunguza rangi nyekundu ya chakula inayoletwa kutoka nje, kwa madai kuwa inauzwa nchini kwa bei ya kutupa na kuviumiza viwanda vya nyumbani.

Kinyozi alisimamisha wembe hewani. Akauliza kama rangi hiyo ina sumu. Mteja aliyekuwa akisubiri zamu alisema hajasikia habari ya sumu. Je, imepitwa na muda? Hapana. Ni ya wizi? Hapana.

"Sasa kosa lake nini?" akauliza kinyozi.

"Rahisi," akasema mteja. "Inachunguzwa kwa kuwa rahisi."

Kinyozi alitikisa kichwa kwa masikitiko, maana mke wake naye alikuwa ananunua vitu rahisi tangu waoane. Wakili yeye aliruka kitini shavu moja likiwa limenyolewa na jingine bado, akafuta povu kwa taulo, akasema atalipa akirudi. Ukutani kwa Mzee Punguzo, alikumbuka, kulikuwa na maandishi marefu kuliko mtu.

Kabla ya adhuhuri alikuwa ameshapata mahitaji yote ya mtumishi wa umma. Tai aliitoa kwenye sanduku la marehemu shemeji yake. Faili lilikuwa la kadibodi, likiwa limejazwa magazeti ya zamani ili litune. Koti jeupe aliliazima kwa muuza nyama, ambaye alilifua kwa moyo wote lakini hakufaulu kulitoa doa kubwa la kifuani. Wakili alilitazama doa hilo akaona halina ubaya, kwani anakwenda kuchunguza rangi nyekundu.

Duka la Mzee Punguzo lilinukia vanila na vumbi la unga. Mabati ya hamira yalipangwa upande mmoja, trei za keki upande mwingine, na nyuma kabisa makopo ya rangi nyekundu yalirundikwa mpaka karibu na dari. Mwenyewe alikuwa mzee mdogo wa umbo, mwenye kofia iliyofifia, aliyepewa jina lake kwa sababu kila akitaja bei alisema hapohapo kwamba ameshapunguza. Hawakuwa wamewahi kuonana. Mauzo ya friza yalifanyika kwa simu, na mvuta mkokoteni ndiye aliyelipeleka na kurudi na fedha. Hilo ndilo lililompa Wakili ujasiri wa kuingia akiwa amekunja uso.

"Mzee wangu, mimi ni mchunguzi msaidizi kutoka tume ya bei. Nani aliyeandika pale ukutani?"

Mzee Punguzo alitoka nje, akainua macho kana kwamba anayaona maandishi yale kwa mara ya kwanza. Yalikuwa ya rangi ya bluu: KILA KITU BEI YA KUTUPA.

"Niliandika mimi mwenyewe."

"Basi umeungama mwenyewe kabla ya kuulizwa," akasema Wakili, akafungua faili na kulifunga tena haraka.

Mzee aliketi juu ya gunia la sukari. Aliomba aelezwe, na Wakili akamweleza, maana kueleza ndiyo kazi pekee aliyoifanya kwa bidii maishani. Alisema tume haitaki maneno ya mitaani, inataka ushahidi wa mambo matatu. La kwanza, kitu kiwe kimeuzwa chini ya bei yake halisi. La pili, awepo mtu wa nyumbani aliyeumia. La tatu, maumivu hayo yawe yametokana na ile bei, siyo na uvivu wake mwenyewe. Yakithibitika yote, muuzaji anatozwa ushuru wa kuziba pengo kati ya bei aliyouza na bei ya haki. Aliyasema haya kwa sauti nzito na nzuri kiasi kwamba alijiamini mwenyewe, jambo ambalo kwa tapeli ni hatari kuliko polisi.

Mzee Punguzo alimsikiliza huku akisokota kofia yake. Aliuliza doa la kifuani ni la nini. Wakili akajibu ni rangi yenyewe, imemrukia maabara. Mzee akasema pole sana, akamtuma mke wake alete soda ya baridi kwa mheshimiwa.

Hapo Wakili akaona mambo yameiva. Alitangaza kuwa hatua ya kwanza ni kukamata vielelezo, yaani kila kilichopita dukani humo kwa bei ya kutupa, kiwe kimeuzwa au kimenunuliwa. Alipita akigonga makopo kwa kidole, akichungulia nyuma ya trei, akiguna. Hakuwa na haja na makopo. Alizunguka kwa makusudi kama mtu asiyejua anatafuta nini, mpaka akafika pembeni, ambapo friza la dada yake lilisimama likiwa na mfuniko wake uliobonyea kona.

"Na hili?"

"Hilo nalo ni la kutupa," akasema mzee. "Kuna bwege mmoja aliniuzia juzi. Nilitaja bei ya utani nikitegemea atanitukana, yeye akaniambia nimpelekee mkokoteni."

Wakili alihisi masikio yakiwaka moto. Angeweza kuvumilia kuitwa mwizi, lakini bwege ilimkaa vibaya. Hata hivyo alimeza, akasema friza linakamatwa mara moja na litakwenda kwenye ghala la tume. Mzee hakubisha hata kidogo. Alikwenda mwenyewe kuuchomoa waya, akaufunga vizuri, akafuta mfuniko kwa kanzu yake, na Wakili akaanza kuuona uso wa dada yake ukitabasamu Jumamosi.

"Kuna jambo moja tu, mheshimiwa," akasema Mzee Punguzo. "Umesema anayeshtakiwa ni muuzaji. Mimi kwa hili ni mnunuzi. Sasa na huyo bwege si lazima akamatwe? Namba yake ninayo. Ngoja nimpigie, uzungumze naye kiserikali."

Kabla Wakili hajapata neno la kuzuia, kidole cha mzee kilikuwa kimeshabonyeza. Ndani ya koti la muuza nyama, jogoo akawika. Huo ndio mlio ambao Wakili aliuweka ili asikose simu za biashara. Jogoo aliwika, akanyamaza, akawika tena, na mke wa mzee aliyekuwa amesimama na soda alianza kutazama chini ya kaunta.

Tumtendee haki Wakili. Mtu mwingine angekimbia. Yeye alitoa simu ile taratibu, akaitazama kwa dharau, akasema, "Hiki ni kielelezo. Nimekikamata kwa mtuhumiwa jana."

"Ahaa," akasema Mzee Punguzo. "Na sauti yake nayo umeikamata?"

Maana sauti ile ile nzuri ndiyo iliyokuwa imelisifia friza kwenye simu, na mzee alikuwa ameitambua tangu lile "mzee wangu" la kwanza. Alivua kofia, akaiweka juu ya gunia, na ghafla hakuwa tena mzee wa kutetemeka. Alisema kwa kuwa mheshimiwa ameshafundisha sheria, basi kesi isikilizwe papo hapo. Je, friza limeuzwa chini ya bei yake halisi? Mshtakiwa alikubali kwa kichwa. Je, yupo wa nyumbani aliyeumia? Yupo, mpwa wa mzee mwenye duka la mafriza mtaa wa pili, ambaye hajauza hata moja mwezi mzima. Je, maumivu yametokana na ile bei? Naam, kwa kuwa yeye mzee alikuwa amevaa viatu tayari kwenda kununua kwa mpwa wake, simu ya bwege ikamkuta mlangoni.

"Matatu yametimia," akasema. "Sasa ziba pengo, ulichukue friza lako."

Wakili hakuwa na kitu cha kuziba hata tundu. Alijaribu kusema kwamba kati ya watu wazima bei ya zamani ingetosha, angerudisha kidogokidogo, na mzee akamjibu kwa upole kwamba asingethubutu kuuza kwa bei ya kutupa tena, mheshimiwa mwenyewe amemkataza. Mwisho walielewana kwamba Wakili atafanya kazi dukani bila ujira mpaka pengo lijae. Jambo la kwanza alilopewa ni ndoo ya chokaa na brashi, akayafute maandishi ya ukutani, maana kusema kweli mzee na yeye alikuwa ameisikia redio.

Dada hakungoja Jumamosi. Alishuka mjini Ijumaa asubuhi na mizigo yake, na kwa kuwa alikuwa mteja wa siku nyingi, alipitia kwa Mzee Punguzo kununua kopo la rangi kabla ya kwenda nyumbani. Alimkuta mdogo wake amejipaka chokaa mpaka kwenye nyusi, amebeba gunia begani. Nyuma yake aliliona friza. Aliijua ile kona iliyobonyea, aliibonyeza mwenyewe siku ya kulihamisha.

Wakili alitua gunia. Mara hiyo mdomo ulimsaliti. Alisema tu, "Dada, nimeliuza," na machozi yakamtoka kweli, yakachora mifereji kwenye chokaa.

Mama Barafu hakupiga kelele. Aliuliza ameliuza bei gani. Wakili akamnong'oneza. Akataka arudie, akarudia. Hapo mwanamke yule aliketi juu ya mzigo wake.

"Friza langu mimi? Bei hiyo?" Alimgeukia Mzee Punguzo. "Kuniibia ningemsamehe, ni mdogo wangu, nimeshazoea. Lakini kuliuza kama takataka? Amenidhalilisha."

Mzee alimpa pole, na kwa ukarimu wa mfanyabiashara akamweleza mpango ulivyo: kijana atabeba mizigo mwaka mmoja, kisha friza litarudi. Mama Barafu alimtazama mdogo wake kuanzia chokaa ya nyusi mpaka ncha za vile viatu, akifikiri, na Wakili akamtazama dada yake kwa matumaini ya mtu anayesubiri kutetewa. Dada akaanza kweli kumtetea. Alisema huyu si mbeba mizigo wa kawaida, anasoma, anaandika, ana sauti inayoweza kumuuzia mtu kiraka cha suruali asiyokuwa nayo. Wakili alijikuta amenyoosha mgongo. Hakuwahi kusikia dada yake akimsifu hivyo.

"Kwa hiyo," akamalizia Mama Barafu, "nipe friza langu leo, na huyu nakuachia miaka miwili."

Mzee Punguzo aliona bahati imemwangukia mchana kweupe. Akakubali haraka kabla mama hajatafakari, akaita mkokoteni, akaongeza na kopo la rangi bure. Wakili alisema naye ana neno, lakini hakuna aliyemuuliza.

Haikupita wiki. Jioni moja Mama Barafu alikuwa akipanga vifuko vyake vya barafu alipogongewa geti. Alifungua nusu. Mzee Punguzo alikuwa amesimama na kofia mkononi, amekonda. Nyuma yake alisimama Wakili na kifurushi cha nguo, ameshiba vizuri.

Mzee alisema kijana ana adabu, hilo halina ubishi, ila anaongea. Kila mteja akiulizia bei anaelezwa mambo matatu ya tume, na akimaliza kuelezwa anaona afadhali asinunue, asije akahusishwa. Waokaji wote wamehamia duka la jirani. Na chakula anachokula ni cha watu wawili. Aliomba kwa heshima zote mama ampokee mdogo wake, na friza abaki nalo, na kama haitoshi ataongeza makopo mawili ya rangi.

Wakili alichungulia juu ya bega la mzee, akamtolea dada yake tabasamu lake bora kuliko yote.

Mama Barafu aliwatazama wote wawili. Kusema kweli nyumba ilikuwa kimya mno siku hizo, na alikuwa amemkumbuka. Kisha akakumbuka ile bei.

"Mzee wangu," akasema, "dukani kwako umebandika karatasi pale juu ya kaunta. Imeandikwaje?"

Mzee Punguzo aliinamisha kichwa. "Mali ikishauzwa hairudishwi."

"Haya, usiku mwema," akasema Mama Barafu, akafunga geti.

Wanaume wale wawili walibaki gizani, wakisikiliza friza likinguruma ndani. Baada ya muda mzee alivaa kofia yake, akamwambia Wakili abebe kifurushi waondoke, na njiani akamsihi, kama baba anavyomsihi mwanawe, kwamba kesho mteja akiuliza bei, ataje bei tu.