Hotuba ya Kufungua Kituo cha Mapenzi ya Kuchekesha, Endebess

Mgeni wetu wa heshima, ambaye kiti chake mnakiona, naibu wa mgeni wa heshima, ambaye amepiga simu yuko njiani tangu asubuhi, wachungaji wa makanisa yote, hata yale ya kelele, wazee wenzangu wa bodi, wadau, akina mama waandishi wa Kitale na Bungoma, akina mama wasomaji, na wewe unayekalia spika: itifaki imezingatiwa. (Makofi, mstari wa mbele peke yake.)

Mimi ndimi Mzee Mathenge, Mwenyekiti wa Maisha wa Bodi ya Kusimamia na Kuratibu Hadithi za Mapenzi za Kuchekesha za Akina Mama, Kanda ya Kitale na Bungoma. Sikumaliza darasa la nne, lakini hao waliomaliza wako wapi? Wameketi chini, mimi nimesimama.

Mtakumbuka ya kwamba kabla ya bodi yangu akina mama walikuwa wanaandika ovyo. Wanakutana baada ya kanisa, mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanacheka mpaka chai inamwagika, bila ajenda, bila minitsi za kikao, bila mwanamume hata mmoja wa kuwaonyesha mahali pa kuchekea. Ndio tukafanya utafiti wa fizibiliti, tukaenda benchimaki, kujifunza kwa wenzetu, mpaka Mabanga, ambako tulikula vizuri sana, na ripoti ikaonyesha ya kwamba asilimia mia na kumi ya wanawake wanapenda hadithi za mapenzi, na waliobaki hawakuwa nyumbani. (Kicheko kutoka nyuma. Mwenyekiti anainua mkono kushukuru.)

Sasa niingie kwa suala la Nasambu wa Kamukuywa. Mama, simama watu wakuone. Huyu ameandika hadithi ya Dinah, msichana wa kuuza maziwa, na Kibe, daktari wa mifugo. Daktari anakuja kutibu ng'ombe, ng'ombe anampiga teke, anaanguka kwa ndoo ya maziwa, Dinah anacheka, wanapendana. Nilisomewa yote. Nikauliza swali moja tu, kama mzazi: mahari iko ukurasa gani?

(Mama mmoja: "Si ni hadithi, mzee.")

Hata kama ni hadithi. Dinah hana baba? Basi bodi ikazuia kitabu, nusu ya wazee wakawa ukoo wa Dinah, nusu tukawa ukoo wa Kibe, tukaketi kwa mazungumzo, na Nasambu akatupikia, kama desturi inavyotaka. Mzee Kipkemei, kwa upande wa Dinah, akaitisha ng'ombe kama anaoza binti ya chifu. Sisi tukasema mmoja apunguzwe kwa sababu ya lile teke. Kipkemei akasema teke lilikuwa la mapenzi. Tumerudia vikao, hakuna hata kimoja kilikosa nyama, na mpaka leo Kipkemei ananiita mkwe mchoyo.

Nasambu akaja kwangu akasema, "Mzee, mmemaliza kuku wangu kwa ajili ya watu nilibuni mwenyewe. Nipee karatasi zangu. Nyumbani wanasema mimi si mwandishi, mimi ni mpishi wa wazee." Nikamwambia, mama, ukioza mtu bila wazee, hiyo si komedi, ni fujo. Karatasi ziko chini ya godoro langu, na hazitoki mpaka Dinah alipiwe.

(Kicheko kikubwa. Vijitabu vya jalada la kijani vinapita mkono kwa mkono: Nasambu ameiandika hadithi upya kutoka kichwani, na Mama Chelangat, mfugaji wa hapa Endebess, ameipeleka Kitale ikachapishwa. Mchungaji anasoma huku amefunika mdomo.)

Naona mmebeba vitabu vya nyimbo. Vizuri.

Nikimalizia, bodi imewaletea kituo cha kisasa, chenye maktaba, mashine ya kuchapa, na ukumbi wa kuchekea, fezi, yaani awamu, ya kwanza hadi ya tisa. Nikisema mapenzi, mseme "kwa utaratibu". Mapenzi! (Kipkemei peke yake: "Ng'ombe kwanza.")

Namshukuru Mama Chelangat kwa kutuazima banda hili tulilofunika na pazia la kanisa. Mgeni wa heshima akifika akate utepe, lakini asivute pazia, maana ng'ombe wako ndani na wanakamuliwa saa kumi. Nawashukuru wahandisi, ambao hatukutafuta. Naishukuru bajeti, ambayo hatukuomba, kwa sababu wa kuandika ombi ni karani wa bodi, na karani alikuwa ukoo wa Dinah, hatusemezani.

(Nasambu anakuja mbele na kijitabu cha kijani, anasoma mwisho wake kwa sauti: Dinah na Kibe walishaoana zamani. Wanapita na mtoto wao karibu na wazee wawili, mmoja ana koti kama la Mwenyekiti, wanagombania ng'ombe. "Mama, hawa ni nani?" "Ni wageni wa harusi yetu. Bado wanajadiliana kama tuoane." Umati unacheka mpaka ng'ombe wanalia nyuma ya pazia.)

Asante, Nasambu. Nimesikia. Huyo mzee wa koti sijui umemtoa wapi, lakini ndiye mtu wa maana pekee humo ndani. Kipkemei, umeona? Hata kwa kitabu sikukubali.