Freni za 203 ya Mama Mukamazimpaka

Kijiko cha mbao kilikuwa kinakwaruza sufuria, taratibu, kabla ya mapambazuko. Mama Mukamazimpaka alikuwa anakoroga uji wa mtama huku akiongea na shemeji yake Birindwa, dereva. Kuta za nyumba za mtaa wa Murara ni mbao tu. Upande wa pili, mpangaji wake Hitimana alifungua jicho moja.

"Peugeot 203 ya marehemu bwana yako inawaka," Birindwa alisema, "lakini freni hakuna. Nitapeleka aje binti yako Béata kwenye ndoa yake Kalengera? Muteremko wa Rugari utatufikisha mbinguni mbele ya padri."

Hitimana akafungua jicho la pili.

Tumtendee haki: alikuwa mtu wa adabu. Hakuwahi kumwibia mtu bila kumsalimia kwanza. Alivaa abakosti yake, suti ya wakubwa isiyo na tai, akabisha hodi, akapewa uji kabla ya kuulizwa shida. Nyumba ile ilikuwa hivyo.

"Mama, freni ya gari ya zamani haiko kitu ya kupata bule. Za Peugeot 404 ni pana, haziingie. Lakini niko na mutu Bukavu. Munipe zile zilizolika, nipeleke mufano."

Hapo alisema kweli, kwa kuwa uongo mzuri hujengwa juu ya msingi. Wauza vipande vya gari wote hudai mfano. Birindwa akatoa vile vyuma vilivyopinda vinavyobana gurudumu, vimelika mpaka kung'aa. Mama akaongeza mbuzi dume, ndiyo malipo.

Mbuzi aliishia kwenye mishikaki ya mtaa wa Katindo. Hitimana naye aliishia hapo hapo. Alisugua vyuma vile vile kwa petroli, akavipaka rangi nyeusi, akavifunga kwenye karatasi yenye mafuta, kisha akarudi Murara akichechemea kwa uchovu wa safari ambayo hakuifanya.

Mama akafungua karatasi, akashika chuma. Kidole kikatoka cheusi. Alikitazama, akakipangusa upande wa ndani wa kitenge, asimwaibishe mpangaji.

"Umeteseka, mutoto yangu. Kaa, ukule maharagwe. Siku ya ndoa utakaa mbele, pembeni ya Birindwa. Kwetu, mutu aliyeleta freni ndiye wa kwanza kuteremuka nazo."

"Mimi, Mama? Ile kiti ni ya wazee."

"Wazee watapanda lori. Nimeshawaambia."

"Milima inaniumizaka kichwa."

"Nitakubebea maziwa."

"Nami nitatembeza mbio," Birindwa alisema, "usichelewe kuona Rugari."

Hitimana alitafuna haragwe moja muda mrefu sana. Kisha akaenda kufunga mfuko wake, atoroke. Mlangoni akamkuta Béata anapiga pasi shati. Lilikuwa la Hitimana.

"Ili uonekane muzuri mbele ya wageni, kaka."

Kumwibia mtu ni kazi. Kumwacha aanguke bondeni baada ya kukupigia pasi, hiyo ni kazi nyingine, na Hitimana hakuwa amejifunza. Akarudi kwa Mama, kichwa chini.

"Nimekosea vipande. Hizi ni za gari ingine."

"Inafikaka kwa kila mutu," Mama alijibu, akamfungia viazi vya njiani.

Aliiuza abakosti, ile iliyokuwa inamfungulia milango yote ya mji. Alikwenda Sake, kwenye uwanja wa mkulima wa kahawa ambako 203 nyingine ilikuwa inazeeka chini ya majani. Akalinganisha chuma kwa chuma, tundu kwa tundu, mpaka mfano ukakubali. Akalipa. Siku hiyo aliona kitu kigeni: kununua.

Gari liliteremka Rugari polepole kama ng'ombe mwenye mimba. Hitimana alikaa mbele, shati limenyooka, macho amefumba. Béata alifika Kalengera mzima, akaolewa, na wageni wakampigia makofi mtu wa freni.

Jioni Hitimana akaaga. Alikuwa anahamia Bukavu, alisema, mbali na watu wema.

Mama akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Enda muzuri. Lakini urudi kutusalimia, mutoto yangu, usikawie. Gia ya pili ya gari, ile vitesi, nayo imeanza kuruka."