Kuni Kavu za Kumpokea Rosemène

Jumanne, 2 Julai

Mvua, siku ya kumi na moja mfululizo. Namshukuru Mungu kwa paa. Paa halivuji. Kinachotoa maji ni kuta, na hizo sikuwahi kuziombea.

Nimefungua kabati kuangalia suti ya kanisani. Imeota kuvu ya kijani begani, kama cheo cha jeshi. Biblia imevimba haifungiki. Chumvi imekuwa jiwe. Soksi nilizofua Alhamisi bado zinadondosha matone. Lakini afya ninayo, kazi ya duka la mikate ninayo, chumba ninacho, na ndani yake jiko la chuma la kuni. Wangapi wanalala nje?

Sasa habari yenyewe. Rosemène amepata viza! Mke wangu! Miaka mitatu! Anafika tarehe 13, Jumamosi: ndege hadi Santiago, kisha basi mpaka hapa Valdivia. Nimelia mbele ya tajiri wangu, machozi yakaingia kwenye unga. Tajiri kasema leo tusiongeze chumvi.

Kuna jambo moja dogo. Kifua chake. Tangu utoto, akilala penye unyevu kinambana, anapiga mluzi kama birika. Ameniambia kwenye simu bila kuzunguka: nyumba ikimkohoza siku mbili, ya tatu anapanda basi kurudi Santiago kwa dada yake, kwenye ukavu, nami nibaki na mvua yangu. Nikamwapia kwamba chumba ni kikavu kama kiganja. Si nilimtumia picha? Jua linaingia dirishani, pazia linapepea! Picha ni ya kweli, Bwana ni shahidi. Ni ya Machi tu.

Siku kumi na moja. Zinatosha. Ulimwengu wenyewe uliumbwa kwa sita.

Alhamisi, 4 Julai

Nimemwendea Bi Herminda, mwenye nyumba. Yeye anakaa mbele, mimi uani. Ana miaka sabini na mbili na ananiita mwanangu, ingawa nina arobaini na tisa na kipara. Nikamuuliza kwa adabu wapi nitapata kuni kavu.

Akaweka sindano zake za kufumia chini. Akaniuliza mwezi wa tatu, nilipohamia, aliniambia nini. Nikasema sikumbuki. Uongo, Bwana nisamehe. Aliniambia kuni za hapa hununuliwa jua likiwaka, zinapangwa bandani, zinakauka, ndipo mtu anaingoja baridi akiwa amekunja nne. Mimi nilicheka nikasema Mungu atatoa.

"Na alitoa, mwanangu," akasema. "Alitoa jua mwezi mzima. Wewe ukalikimbia ukakaa kivulini."

Kuni zinazouzwa barabarani sasa ni mbichi. Nimejaribu gunia moja. Zinatoa povu kwenye ncha kama mbwa mwenye kichaa. Moshi ulijaa, nikautafuta mlango kwa kupapasa.

Nimebuni njia nyingine: blanketi na soksi nikazitundika juu ya tanuri la mikate kazini. Zilikauka vizuri sana! Ila wateja wawili wamerudisha mikate, na tajiri kaniomba, kwa upole ninaoushukuru, nichague kati ya miguu yangu na kazi yangu.

Jioni nikajifunza kupika chakula cha kumpokea. Mchele niliochukua dukani, ule mnene uliovimba, nimeuchemsha saa nzima ukabaki unatafunika kama raba. Kumbe ngano. Halafu kuna kifuko cha unga mwekundu. Nilinusa, moshi mtupu. Nikajua ni jivu la kusugulia masufuria. Nimesugua yote matatu yakang'aa, kisha nikajifuta jasho usoni.

Pilipili! Watu hawa wanaitia moshi kwanza, wanaisaga, wanaiuza karibu na sabuni! Bi Herminda kaniosha macho kwa maziwa. Namshukuru Mungu kwa ng'ombe.

Jumamosi, 6 Julai

Haleluya! Nimepata kuni!

Nilikwenda soko la mtoni kutafuta ndizi za kupika. Hazipo. Lakini nyuma ya meza za samaki, pale simba wa baharini wanapogombania vichwa, kuna mama mmoja mnene mwenye aproni ya mpira. Pembeni yake, matita! Kuni nyembamba, za rangi ya kahawia iliyokolea, ngumu, kavu kabisa, zimekunjwa na kufungwa kwa kamba vizuri kuliko za Bi Herminda. Niligonga moja mezani, ikalia ko! Ukavu huo sijauona tangu nije kusini.

Na bei ni ya bure! Watu walikuwa wanapita bila kugeuka. Nikakaza uso kama mtu asiyejali. Nikaomba matita ishirini.

Mama akashika kiuno. Akaniuliza, kastoma wangu, kwani nyumbani mko wangapi? Nikasema mimi na mke wangu anayekuja. Akacheka mpaka akashika meza. Akasema mke huyo atakuwa na nguvu, kweli atashiba huyo. Nikasema joto ndilo analohitaji zaidi. Akacheka tena, akaniongeza tita la ishirini na moja bure. Watu wa hapa wana furaha sana. Wanashiba moto, nadhani, kama sisi tunavyoshiba jua.

Jumapili, 7 Julai

Ibada nzuri. Suti nimeipiga brashi, kuvu imebaki kama kivuli tu.

Baada ya ibada Ndugu Odilon akanijia. Odilon ametoka mji wetu wa Gonaïves kama mimi, alinitangulia hapa miaka miwili, na haachi siku ipite bila kuikumbusha. Anaongoza kwaya. Banda lake la kuni limepangwa kama vitabu vya Biblia, kuanzia Mwanzo. Isitoshe, ndiye aliyempelekea Rosemène barua ya mapenzi mwaka 1994. Ana mke sasa, lakini barua ni barua.

Akasema mbele ya kwaya nzima: "Ndugu Prosper, wale wanawali wapumbavu walikuwa na taa bila mafuta. Wewe una jiko bila kuni. Dada Rosemène si afikie kwetu tu? Kwetu kukavu!"

Waimbaji wote wa sauti ya kwanza wakageuka. Nikamjibu kwamba namshukuru kwa moyo wake, ila kuni ninazo, matita ishirini na moja, kavu za kulia ko. Akauliza nimetoa wapi kuni kavu mwezi wa Julai. Nikasema amwombaye Mungu hupewa. Nilitoka bila mwavuli ili nitoke vizuri. Nimelowa mpaka shati la ndani.

Jumanne, 9 Julai

Jambo la ajabu. Kuni zimelegea.

Nilizipanga ukutani, pale penye unyevu zaidi, ili ziwe karibu na jiko. Leo tita la chini linajikunja kama mkanda. Nimelivuta, likanyooka. Nimeliachia, likarudi. Sijawahi kuona kuni zinazorudi.

Nimetafakari. Ni unyevu wa nyumba hii, unaolegeza hata miti! Nimezitundika zote kwenye kamba ya nguo, kutoka dirishani hadi mlangoni. Chumba kinafanana na duka la mishipi. Napita nimeinama. Inanifundisha unyenyekevu, ni vizuri.

Rosemène amepiga simu. Amenunua dawa ya kifua ya miezi miwili, kwa tahadhari. Akaniuliza tena, Prosper, niambie ukweli, kukavu? Nikasema hata kuni nimezianika ndani. Hilo ni kweli tupu.

Ijumaa, 12 Julai

Siku ya aibu. Naandika yote, Bwana anayajua tayari.

Nilitaka kuwasha moto wa majaribio. Nikachagua tita gumu kuliko yote, nikalijaza jikoni, nikaweka karatasi, nikaomba, nikawasha. Kuni zikaanza kufoka. Kisha zikalia pa! pa! Kisha zikavimba. Jamani, zilivimba! Moshi ukatoka, mzito, wa harufu ya ufuo maji yakipwa. Nikafungua mlango. Nje walikuwa wamekaa paka wa mtaa mzima, wametulia, wamepanga mstari kama waumini.

Bi Herminda akaja mbio na mwiko mkononi, akapiga kelele ni nani anayeunguza chakula cha mchana. Nikasema si chakula, mama, ni kuni. Akachungulia jikoni. Akachomoa kipande kwa koleo. Akakung'uta jivu. Akakiuma.

Nikapiga yowe! Bibi wa miaka sabini na mbili anakula kuni chumbani kwangu! Nani angeniamini polisi?

Akatafuna taratibu, akameza, akatazama juu kwenye kamba ya nguo, tita baada ya tita. Ndipo akakaa sakafuni. Alicheka mpaka vibanio vya nywele vikamtoka. "Mwanangu," akasema, "huu ni mwani. Huu ndio tuliokuzwa nao. Unachomwa kidogo, unalowekwa, unapikwa na viazi. Umetundika supu ya kikosi kizima!"

Mimi sikucheka. Nilikaa naye sakafuni nikamweleza yote: kifua cha Rosemène, basi la siku ya tatu, picha ya Machi, miaka mitatu. Nikamwambia kesho asubuhi mke wangu anaingia chumba chenye kuta zinazolia, na mimi sina kijiti cha kuwasha.

Akajifuta macho. Akashusha matita yote kutoka kwenye kamba, akayafunga kwenye shuka langu, akatoka nayo kwenye mvua. Nadhani ni fidia ya harufu. Sikumzuia. Nimeoga, nimeomba. Sina mpango wowote. Sijawahi kukaa bila mpango, kumbe ni baridi kuliko mvua.

Jumamosi, 13 Julai

Rosemène alishuka basi akiwa na koti la shemeji yake linalofika magotini, na kofia mbili. Tulishikana tukashindwa kuachiana, dereva akatuomba tusogee atoe mizigo. Mkono wake bado unanuka limau. Asante, Bwana. Asante, asante.

Njiani sikuweza. Tulipofika getini nikasimama. Nikasema Rosemène, ile picha ilikuwa ya Machi. Chumba kimelowa. Kuni sina, nilinunua mwani. Ukitaka kupanda basi leo leo, nitakubebea begi.

Akanitazama kutoka chini ya kofia mbili. "Prosper," akasema, "miaka ishirini na mbili nimeolewa na wewe. Unadhani niliiamini ile picha? Kwenye pazia uliacha bei."

Kweli, kibandiko cha bei kilionekana. Nikafungua mlango.

Joto! Joto likatupiga usoni kama la kwetu! Jiko linanguruma, kuta zimekauka hadi kiunoni, na pembeni, kutoka sakafuni hadi dirishani, kuni. Kuni kavu za kweli, nene kwa nyembamba, za kila rangi. Bi Herminda alikuwa anakoroga sufuria. Nikamuuliza zimetoka wapi. Akasema jana alipita nyumba kwa nyumba, mtaa mzima: tita la mwani kwa mzigo wa kuni. Kila mtu kabadilishana. Mwani mzuri hivyo, tena hadi mlangoni, nani atakataa?

Mzigo mkubwa kuliko yote, uliopangwa kwa urefu, ni wa Ndugu Odilon. Mkewe alitaka tita moja. Yeye katoa kuni za matita matatu, na hakuweka hata mstari mmoja wa Biblia. Imeniuma kidogo. Kisha nikamshukuru Mungu, na imeniuma kidogo zaidi.

Rosemène alisimama katikati ya chumba akavuta pumzi. Nilihesabu. Hakukohoa. Akavuta tena. Akasema kunanuka kama kwao, kwenye mashimo ya chumvi ya baba yake, maji yanapokupwa. Akavua kofia moja.

Tulikula ule mwani na viazi, na ile pilipili ya moshi juu yake. Mtamu! Unatafunika kama nyama iliyotubu. Bi Herminda alituachia matita sita. Rosemène akayatazama, akaniambia, haya bwana, nitakaa mpaka kuni zako ziishe kuliwa.

Jumanne, 16 Julai

Siku ya tatu. Basi la Santiago limeondoka saa mbili asubuhi. Nilisimama dirishani nikalisikia likipiga honi. Rosemène alikuwa anakoroma. Si mluzi, mkoromo, mnene na mkavu. Sijasikia wimbo bora, hata kwaya ya Odilon.

Jumamosi, 20 Julai

Kuni zinapungua. Rosemène kaniapisha, mkono juu ya Biblia iliyovimba, kwamba sitanunua kitu sokoni bila kumuuliza Bi Herminda. Nimeapa kwa moyo wote. Mtu lazima ajifunze, na mimi nimejifunza: kabla ya kununua, nusa.

Ndiyo maana leo nina amani. Nilipita sokoni kwa bahati tu. Yule mama wa aproni ana bidhaa mpya: vipande vyeusi, vigumu, vimetungwa kwenye nyuzi kama tasbihi ndefu. Sikukurupuka. Nilinusa. Moshi! Moshi mtupu, na ufuo kidogo kwa mbali, wa samaki wa meza ya jirani! Kitu cheusi, kikavu, chenye harufu ya moshi ni nini kama si makaa? Tena yametungwa kabisa ili mtu ayahesabu. Watu wa hapa wana akili, namshukuru Mungu kuniweka kati yao.

Nimechukua nyuzi kumi. Zipo chini ya kitanda, Rosemène hajui, nataka kumfurahisha. Kesho nitamwalika na Odilon aje aone moto.

Mama aliniuliza tena nyumbani tuko wangapi. Nikamwambia sasa tumefika wawili. Akacheka mpaka akashika meza, akaniongeza uzi mmoja.

Uani kuna paka sita. Sijui wanataka nini.